Sukari ya Godelive

Godelive alianguka mara ya tatu asubuhi hiyo, safari hii mbele ya lango la Mama Salomon, na barabara nzima ikasimama kumtazama. Baiskeli juu, yeye chini, kitenge kimefunguka juu ya suruali ya marehemu mumewe.

"Mama Gode! Na myaka makumi tano na saba, unatafuta nini juu ya kinga, hii baiskeli ya vijana?" Mama Salomon alicheka mpaka maji yakamwagika kwenye jagi aliloshika. "Kwako hakuna kiti?"

"Natafuta miguu yangu," Godelive akajibu, akijipangusa vumbi. "Ya Léon balishakata. Yangu hapana."

Léon alikuwa kaka yake, wa kule Kayna. Sukari ilimwanzia kwenye kidole, ikamla mpaka gotini, na mwaka uliofuata wakazika kilichobaki. Kwa hiyo, Godelive alipopata karatasi yake mwezi wa pili, hakuuliza maswali.

Muuguzi Abdias alikuwa amepima damu ya watu wa parokia. Siku chache baadaye katekista akamwachia Godelive karatasi mbili, yake na ya Mama Salomon aliyekuwa sokoni. Ya kwanza, aliyoambiwa ni yake, ilisema sukari imepanda: aache vitamu, atoe jasho, apimwe tena baada ya miezi sita. Ya pili ilisema safi. Godelive alilia kidogo jikoni, akanawa uso, akavuka barabara kumpelekea mwenzake habari njema.

Kwa Godelive ndiko watu walikokunywa chai ya vijiko vine. Sasa vitamu vyote aliviona kama nyoka ndani ya nyumba. Sukari ya kilo, asali ya Mutwanga, katoni ya Fanta iliyobaki kwenye ubatizo wa mjukuu, kila kitu kilivuka barabara.

"Kunywa, ndugu yangu. Kunywa ya sisi bawili. Weye Mungu alikupa damu ya muzuri."

"Wasingya, aksanti sana, Gode. Basi mie nitanona, weye utakauka."

Miezi ikapita. Godelive alijifunza kupanda kilima bila kushuka. Wanaume walimpigia mluzi, kisha wakachoka kupiga. Hata askari wa kizuizi cha barabarani walimzoea. "Tika mama ya vélo aleka!" walipiga kelele kwa Kilingala, mama wa baiskeli apite, na kamba ikashushwa.

Kitu kimoja tu kilimuuma.

"Unafanyaka nini, Mama Salomon? Mie napanda mpaka magoti inalia, hata kilo moja haitoke. Weye unakaa tu, na kitenge inakuzunguka mara tatu!"

"Ni mawazo. Mawazo na kiu. Hata usiku silale, ni choo na kurudi, choo na kurudi."

Barabara ilikuwa na jibu lake: mkwe wa Mama Salomon, Joyeuse, hampi mama wa watu chakula. Lakini, mtoto mwenye adabu hivyo? Ndiyo, hao wenye adabu ndio wabaya. Godelive alimnunia Joyeuse majuma mawili, kisha akaamua kutenda. Kila asubuhi, kabla ya kupanda baiskeli, alipeleka bakuli la uji wa sukari nyingi na kusimama hapo mpaka liishe.

"Maliza. Huyu mutoto hatakuua nikiwa nakuangalia."

Mama Salomon alimaliza, akaomba maji.

Mwezi wa nane Godelive aliondoka alfajiri kwenda Beni kwa baiskeli, kupimwa huko na kulala kwa binti yake Ornella, katika komini ya Ruwenzori. Alisali njia nzima. Maboya, katikati ya njia, aliipita bila kusimama. Saa sita alikuwa amekaa mbele ya daktari, kidole mbele, macho amefumba.

"Mama, hii ni sukari ya musichana," daktari akasema. "Ulikunywa dawa gani?"

"Kinga. Baiskeli tu."

Ornella alicheza ngoma ndani ya hospitali mpaka akakemewa. Godelive akampigia Mama Salomon simu. Wa kwanza kuambiwa angekuwa nani mwingine?

Alijibu Joyeuse. "Mama alianguka asubuhi, nyuma kidogo ya kuondoka kwako. Tuko hospitali. Hasemi."

Baiskeli ikafungwa juu ya mizigo ya pickup iliyokuwa inapanda Butembo, mji wao, na Godelive akapanda mbele, pembeni ya dereva.

Alipofika, Joyeuse alikuwa ameketi sakafuni, kichwa wazi, viatu vya mama mkwe ameshika mikononi. Hakukuwa na haja ya kuuliza kama Mama Salomon bado anapumua. Abdias alisimama mlangoni na daftari lake la parokia, amekasirika kama mtu aliyeibiwa.

"Nilimwandikia! Toka mwezi wa pili! Basi, kwa nini mulimuacha hivi?"

"Hapana, si yeye," Joyeuse akasema. "Mama alipata karatasi ya safi. Tuliisoma sisi wote."

"Ona mwenyewe. Kaswera, mama ya Salomon: sukari." Kidole cha Abdias kilishuka mstari mmoja. "Siku ile nilipima ba-Kaswera bawili wa avenue yenu, karatasi zao niliandika jina hilo tu. Myaka sawasawa. Huyu wa pili ndiye alikuwa muzima kabisa. Hata mazoezi hakuhitaji. Yeye simukumbuke. Ni nani?"

Godelive akaweka kidole chake juu ya mstari huo.

"Ni mie."