Kaburi Lililozuia Mvuke

Mtambo wa kuchimba ulizimwa tena, kwa sababu Nyangi alikuwa amekaa juu ya kaburi la mwanawe na hakuonyesha dalili ya kuondoka.

Alikuja kila asubuhi kutoka kijiji kipya cha ujamaa, kule walikohamishiwa watu wote, akiwa na kigoda chake na kibuyu cha uji. Mahame ya boma lake yalikuwa karibu na chemchemi ya maji moto, upande wa Nyansurura. Wataalamu walikuwa wamepima, wakasema ufa wa mwamba unaopandisha mvuke umepita chini ya kaburi lile hasa. Dizeli ilikuwa imepanda bei vibaya, mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa imelala tangu masika, na wakubwa wa mkoa walitaka umeme wa mvuke. Bibi kizee alitaka kaburi lake. Asiyemjua Nyangi angedhani mshindi anajulikana.

Mhandisi Filemoni, mkuu wa kazi, alikuwa amechoka naye. Alisema Jumatatu wataletwa mgambo wamwondoe, na akikataa kusimama watambeba juu kwa juu pamoja na kigoda chake. Mchimbaji mkuu, Tomaso, alimsihi asubiri. Aliuliza kama haiwezekani kuchimba mshazari, bomba lianzie mbali kidogo lipite chini ya kaburi, kama alivyowaona wachimbaji wa mafuta wakifanya. Filemoni akamjibu kwamba mtambo waliopewa unajua kwenda chini tu. Basi Tomaso akasema ataongea na mama huyo mara moja zaidi.

Tomaso alikuwa amekuja na mtambo huo kutoka visima vya gesi vya pwani ya kusini. Aliwaambia watu kwao ni Lindi, Kikurya hajui hata salamu. Kazi aliijua barabara. Kule alikuwa akiogopa moto, hapa aliogopa maji yanayochemka, na vyote viwili, alisema, hutaka kutoka kabla hujaviruhusu. Kwa hiyo alikwisha kuandaa tope zito la kuzuia shinikizo na vali za kufunga mdomo wa kisima. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeungua vibaya na sauti yake ilikwaruza. Hakuficha sababu. Gesi ililipuka kule kusini, watu wawili wakiwa jukwaani. Yeye alipona, mwenzake akafa.

Aliyekufa alikuwa Kisyeri, mtoto wa kwanza wa Nyangi. Ndivyo habari zilivyofika nyumbani. Mwili haukuletwa, kwa hiyo ukoo ulichukua tunda la mwegea, lile refu na zito, ukalifunga kwenye blanketi lake na kulizika badala yake, kama walivyozoea kufanya mtu asipopatikana. Walinyoa nywele, wakalia, wakakaa matanga hadi yakaanuliwa. Baadaye Werema, mdogo wake marehemu, akakabidhiwa mjane, Robi, ili nyumba ya kaka yake isife. Wamezaliwa watoto wawili. Kwa mila, hao si watoto wa Werema. Ni watoto wa Kisyeri, na wanaitwa kwa jina lake.

Hayo yote Nyangi alimsimulia Tomaso mwenyewe, kidogo kidogo, kwa Kiswahili chake cha kuunga unga, kila alipotumwa kumbembeleza aondoke. Bibi naye alimuuliza habari za Kisyeri. Alikuwa anakula vizuri huko? Alikuwa na marafiki? Aliteseka? Tomaso alijibu kwamba hakuteseka. Mara nyingine bibi alimpa ugali wa wimbi na maziwa mgando, akamtazama mpaka amalize. Wafanyakazi walicheka, wakasema hawajawahi kuona mtu anamlisha mfukua kaburi. Tomaso hakucheka. Siku moja machozi yalimtoka akila, akasingizia moshi wa mtambo.

Jumamosi alimfuata kwa mara ya mwisho, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akamweleza habari ya mgambo. Akamwomba, kwa heshima yote, akubali kabla hawajamtia mikononi. Akasema kaburi atalifukua yeye mwenyewe na kulihamishia kijijini, na hatamruhusu mtu mwingine aliguse. Akasema umeme ukija wale watoto watasoma usiku, na mama yao hatasaga tena kwa jiwe. Moyo ulikuwa unamuuma kuliko alivyowahi kuumia hospitalini.

Nyangi akainuka, akabeba kigoda chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla jua halijazama. Aligeuka kuhakikisha Filemoni yuko mbali. Alipofungua mdomo, alisema kwa Kikurya.

"Chimba. Humo mna tunda tu. Nimekaa juu yake siku zote hizi ili wawe wanakutuma uje uongee na mimi."

Tomaso alisimama, midomo ikaanza kumjibu kwa lugha ileile. Nyangi akamziba mdomo kwa kiganja, akakiacha hapo, juu ya makovu.

"Usiseme, Kisyeri. Wewe ukiwa hai, wale watoto ni wa nani?"