Upande wa Dirishani

"Babu, amka tutandike kitanda. Daktari amesema asubuhi yako iwe na utaratibu," mjukuu alisema, mkono wake tayari kwenye shuka.

Babu, mwalimu mstaafu, alisita. Tangu mkewe afariki, hakuna aliyegusa upande wa dirishani. Mto ulikuwa bado umebonyea pale alipolaza kichwa. Zamani walitandika pamoja kila alfajiri, yeye huku, mkewe kule, wakitaniana nani mvivu.

"Au unaogopa shuka, Babu?"

"Adabu, we mtoto!"

Hata hivyo aliinuka, akanyoosha mgongo kama aliye mbele ya darasa. Akautazama ule mto kwa muda mrefu, kisha akauchukua mwenyewe, akaukung'uta mpaka ukajaa.

"Zunguka kule," alisema. "Vuta shuka kwa nguvu. Bibi yako hakuvumilia mikunjo."