Mbuzi Aliyekataa Kuitika

Mbuzi alikataa kuitika.

Ekal alikuwa amepiga magoti mbele yake kwenye changarawe ya Lodwar, suti mpya imejaa vumbi, jua limemkalia utosini. Akamsalimu tena kwa Kiturkana, kwa adabu zote: "Ejok, mheshimiwa. Naomba ruhusa yako nimwoe Christine."

Mbuzi akatafuna, akatazama pembeni kama karani anayekaribia kwenda kula.

"Hajakubali," akasema Mzee Lomorukai, baba mkubwa wa Christine. "Rudia. Na hiyo kichwa inama kidogo."

Kila mbuzi wa mahari alipaswa kuombwa ruhusa, na asiyelia hakuhesabiwa. Huyu ndiye aliyebaki, na bila yeye hakuna ndoa. Mzee alisema ndivyo mababu walivyooa. Ekal akanung'unika kwamba babu yake alioa wake wanne na hakuna mbuzi aliyeulizwa kitu.

Mzee akatoa mfukoni riwaya ya Mama Akuwam, ile ya mapenzi ya enzi za mkoloni iliyowatia watu wazimu kutoka Lodwar hadi Kakuma. Kule kambini kwa wakimbizi, Deng wa duka la sukari aliungoja mlio wa mbuzi wake hadi mchungaji akaahirisha ibada. Wasichana hawakutaka tena kuposwa vingine. Christine mwenyewe alikuwa ameapa.

"Hii si maneno yangu," mzee akasema. "Iko kwa kitabu."

"Lakini mzee, hiyo ni hadithi ya kubuni tu."

"Wewe unajua hii mambo kushinda Mama Akuwam?"

Ekal akafungua kinywa. Akamwona Christine mlangoni, amekumbatia nakala yake, macho yamemjaa matumaini. Akakifunga. Alimpenda binti yule kupita kiasi. Akamgeukia mbuzi na kumsihi kama mtu anayeombea roho yake.

Mbuzi akalia. Vigelegele vikapasuka uani.

Ekal aliinuka akitokwa na machozi ya furaha. Mzee akamshika bega, akamkumbusha kwamba bado kuna siku ya kumchukua bibi harusi. Bahati nzuri, kitabu cha pili cha Mama Akuwam kilikuwa kinatoka mwezi ujao, na wangesoma humo mababu walifanyaje.

"Itakuwa tu vile imeandikwa," akasema.

Furaha ikamkauka Ekal usoni. Akaomba ruhusa aende haja, akazunguka nyuma ya nyumba na kumpigia simu mpiga chapa wa Nairobi.

"Halo, ni mimi, Mama Akuwam," akanong'ona. "Ile sura ya bwana harusi kumbeba ngamia mgongoni, ing'oeni yote."