Kwato Zisizo za Punda

Zama zile Fisi ndiye aliyekuwa na vinu vya kukamulia ufuta, na punda waliovizungusha aliwafunga vitambaa machoni. Punda wakaunda chama, wakakubaliana kwamba jogoo akiwika, wote wasimame.

Jogoo akawika. Kihongwe, punda mwoga kuliko wote, akasimama. Akasikia kwato zikienda, ko, ko, ko. "Wameniacha peke yangu," akawaza. Alipoukumbuka mjeledi wa Fisi, akazunguka tena.

Jioni, vitambaa vilipofunguliwa, wakaanza kulaumiana.

"Msaliti wewe. Nilisimama, nikasikia kwato zako."

"Hata mimi nilisimama, nikasikia zako."

Kihongwe akatupa jicho mlangoni. Fisi alikuwa anaficha vifuu viwili vya nazi.

"Kesho," akawanong'oneza wenzake, "atakayesimama, alie."

Kesho yake jogoo akawika. Kihongwe akasimama. Ko, ko, ko. Akalia. Hakuna aliyejibu. Akangoja mjeledi, akalia tena kwa sauti iliyokatika. Punda wa kinu cha pili akaitikia, kisha wa tatu, kisha uwanja mzima.

Hakuna kinu kilichozunguka. Fisi peke yake aliendelea kugonga vifuu vyake, maana sasa yeye ndiye aliyeogopa kusimama.