Sauti ya Mwantumu

Siku hizi anayempa mtu hati ya uwakilishi humkabidhi na sauti yake, kwa kuwa benki na wateja hawatambui sahihi tena. Sauti moja hairuhusiwi kuwa na wasemaji wawili, hivyo mwenyewe hupewa sauti ya serikali, laini na isiyo na lafudhi, hadi hati ifutwe.

Mwantumu alikuwa na kampuni ndogo ya usafi mjini Tanga. Kabla ya kupasuliwa mgongo alimwandikia hati mdogo wake Salme, aliyepiga deki pamoja naye tangu mwanzo.

Alipopona alirudi nyumbani, akamkuta mama yao, asiyeona, ameketi barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe? Mbona waongea kama tangazo la redio?"

"Mimi Mwantumu."

Mama akacheka. "Usinichezee. Mwantumu yuko jikoni ananipikia uji. Aliyelazwa ni Salme."

Salme akatoka na bakuli. Mwantumu akamsihi waende wakaifute hati, maana yeye peke yake karani wa hati amemkatalia: sheria inataka ombi litolewe kwa sauti ya mwenye kampuni.

"Lakini dada, tumepata zabuni ya bandari," Salme alinong'ona, kwa sauti ileile ya dada yake iliyombembeleza utotoni. "Na wafanyakazi wamenizoea. Pumzika kwanza."

Mama akapapasa hadi akaushika mkono wa Salme.

"Mwantumu, mwanangu, mpe mgeni uji, kisha aende zake."