Mama Anasoma Makala Yangu

Nilimkuta mama sebuleni ameshika simu yangu kwa mikono miwili, midomo ikicheza polepole. Alikuwa anasoma makala yangu ya kwanza, iliyotoka mtandaoni asubuhi ile.

Mhariri wa tovuti alikuwa ameniambia, "Dada, wasomaji wanapenda mambo ya nyumbani. Andika kinachokuumiza, nitakulipa, na jina lako litajulikana."

Nikaandika kinachoniumiza: mama yangu, ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka. Chumvi aliyotia kwenye chai. Jiko la gesi aliloliacha linawaka akaenda kulala. Siku aliyoniita kwa jina la marehemu dada yake. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwambia kwamba nayaona mambo hayo.

"Mama, nipe simu, inaisha chaji."

"Subiri kwanza, bwana."

Kidole chake kilifuata mstari kwa mstari juu ya kioo. Nilitaka kumnyang'anya, nikaogopa ataniuliza kwa nini.

Alipofika mwisho alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni.

"Masikini, huyu binti," akasema. "Ameandika vizuri, lakini anaogopa."

"Anaogopa sana, mama."

Akaniangalia usoni. Kisha akavuta kiti karibu na chake, akakipigapiga kwa kiganja.

"Basi kaa hapa, mwanangu. Uniulize mimi mwenyewe, kabla sijasahau."