Kitunguu Kisichosambaa

Efrazia hakuwa na viatu vya mvua. Hakuwa na glavu, wala koti la kuzuia ukungu, wala mjomba ofisini, wala cheti kinachopita kile cha darasa la nne. Kwa miaka sita alikuwa kibarua wa palizi katika bustani ya nyumba ya wageni ya serikali, Lushoto, ile iliyoachwa na Wazungu, na bado alikuwa kibarua.

Asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia la vitunguu ambavyo haviliwi.

"Mtihani," alisema Bwana Kristofa, msimamizi wa bustani, mikono yake ikiwa nyuma. "Vimetoka ng'ambo. Karatasi za majina zimelowa njiani, hazisomeki. Mkoa unataka vyenye maua ya zambarau, visivyosambaa. Mwaka juzi vile vyeupe vilimeza waridi zote. Haya, kipi kinafaa?"

Efrazia aliinua kimoja. "Hiki hapana, baba. Tazama ubavuni, kina watoto zaidi ya kumi. Ukikipanda leo, mwakani utakikuta barabarani."

"Endelea."

"Hiki nacho hapana. Ua lake kavu hili hapa, halina mbegu. Limebeba vitunguu vidogo vidogo kichwani. Upepo mmoja tu, vimeenea bustani nzima." Akazamisha mkono guniani, akatoa kikubwa, laini, kisicho na kitu ubavuni. Alikinusa. "Hiki ndicho. Hiki hukaa peke yake. Ila ua likinyauka likatwe mapema, kabla mbegu hazijawa nyeusi."

"Vizuri," alisema Kristofa, akaandika daftarini. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko karani yeyote pale mjini. Aliupata ukubwani, katika shule ya jioni ya kanisani, na hakuruhusu mtu ausahau.

Omari, mpishi wa nyumba ile, alipita na karai lake, akamwita Kristofa kwa heshima ya Kisambaa. "Mghoshi, niachie vitatu vya pilau!"

"Haviliwi hivi."

"Kitunguu kisicholiwa! Basi hicho ni bwana mkubwa." Omari alicheka hadi karai likatikisika. "Na hii shule yako haina likizo? Kila siku mtihani, mwanafunzi ni huyo huyo. Mfaulishe basi, apumzike!"

"Atafaulu," alijibu Kristofa, bila kucheka.

Efrazia alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika kaa la moto kwa jani, kwa hamu na kwa hofu. Wiki iliyopita ilifika barua kutoka Tanga. Kila bustani ya serikali itoe mfanyakazi mmoja aende mafunzoni Arusha, miezi tisa. Atakayerudi na cheti ataajiriwa moja kwa moja na kukabidhiwa bustani yake. Asiye na cheti atabaki kupalilia mpaka mgongo ukatike. Sharti lilikuwa moja: barua ya siri ya msimamizi, ifike Tanga kabla ya wiki hii kwisha. Mara mbili Efrazia alimwomba Kristofa, na mara mbili aliambiwa asubiri.

Saa nane mchana alimwita.

"Nawa mikono, ukae barazani. Naandika ile barua."

Efrazia alinawa mara mbili. "Nitaruhusiwa kuisoma, baba?"

"Tangu lini anayesifiwa akasoma sifa zake? Umelelewa wapi wewe?"

Aliona haya, akainamisha kichwa. Kweli, hata harusini bibi harusi hutazama chini anaposifiwa. Alikaa kwenye ngazi, akasikiliza kalamu ikikwaruza karatasi. Ilikwaruza muda mrefu, naye moyoni akashukuru kwamba mzee hakukosa la kusema.

Kisha kalamu ikasimama.

"Efrazia!"

"Bee, baba!"

"Vipandwe kina gani?"

"Mara tatu ya urefu wa kitunguu chenyewe. Na majani yakishakauka, visimwagiliwe tena."

"Kwa nini?"

"Vitaoza, baba."

"Vizuri sana." Kalamu ikaendelea.

Ilipokoma, Kristofa alivaa miwani, akaipitia barua yake tangu juu, midomo ikicheza pole pole bila kutoa sauti.

"Ndugu Afisa Bustani, vitunguu visivyosambaa nimevichambua mimi mwenyewe, kwa ujuzi wangu wa miaka mingi, na maelezo yake ni kama yafuatayo. Vipandwe kwa kina mara tatu ya urefu wake. Majani yakishakauka visimwagiliwe tena, kwani vitaoza. Kuhusu mafunzo ya Arusha, nasikitika kwamba hapa sina mtu wa kumpeleka. Yupo kibarua mmoja, jina lake Efrazia. Ni mtiifu kwenye palizi, lakini maua hayajui. Naomba asisumbuliwe."

Aliikunja mara tatu, akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja na kugonga muhuri. Efrazia aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema, "Mungu akuzidishie, baba," kisha akateremka mbio mlimani kuiwahi posta kabla haijafungwa.